Hendeli ya Landrova ya Babu

Jumamosi, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Saa naijua kwa sababu simu ya baba ilikuwa inachaji karibu na mto wangu, na niliitazama mara tu niliposikia sauti ya babu kutoka uani: "Haipo. Nilijua tu haipo." Sikuuliza ni nini hakipo. Nilikuwa nakijua kwa miaka tisa.

Ngoja nianzie mbali kidogo, la sivyo hamtanielewa.

Enzi zetu, sisi watoto wa Uyole, barabara kuu ndiyo ilikuwa televisheni yetu. Bibi atacheka akisikia mtu wa kidato cha nne, miaka kumi na saba, anasema enzi zetu. Acheke tu. Kama ulisoma darasa la pili na mimi, ukavaa lile sweta lililofumwa na mama, mikono mirefu ya kukulia, ukaenda shule asubuhi ya Juni huku unapuliza moshi mdomoni na kujifanya unavuta sigara, unajua ninachosema. Tulikuwa na enzi. Zimepita juzi tu, lakini zimepita.

Tukitoka shule tulikaa kwenye matuta ya viazi ya mama Sekela, juu kidogo ya lami, kila mtu na hindi lake la kuchoma au kipande cha parachichi chenye chumvi, tukacheza Langu-Lako. Gari la kwanza kupita langu, la pili lako, la tatu la Sekela. Ukipata basi la Dar, sawa. Ukipata lori la nguruwe umekwisha, utaitwa bosi wa nguruwe mpaka Jumatatu. Lakini kulikuwa na yale magari ya IT, mapya kabisa, yanayotoka bandarini kwenda Tunduma na kuvuka mpaka, karatasi zimebandikwa kwenye kioo na nailoni bado iko kwenye viti. Siku ambayo Landrova mpya ya IT imekuangukia wewe, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha mchungaji, inapita kimya kama vile haigusi lami, ulikuwa mfalme. Sekela aliwahi kupata mbili kwa siku moja. Hakuongea na sisi mpaka jioni.

Mimi sikuwa mtu wa kupiga kelele za "langu hilo!" Nilikuwa mtoto wa aibu na mpaka leo niko hivyo hivyo, mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, ila linabaki kooni. Nikipata gari zuri nilinyoosha kidole tu. Halafu moyoni nikawa najiambia, hamjui ninyi, langu liko nyumbani uani.

Na kweli lilikuwa uani. Tuliliita Mia na Tisa, kwa kuwa ndilo jina la zile Landrova ndefu za zamani, na hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini. Rangi ya kijani iliyopauka, tairi la akiba limekaa juu ya boneti kama mtu aliyebeba ungo kichwani. Babu aliliendesha miaka mingi kwenye mashamba ya chai huko Mufindi, na siku shamba lilipoleta magari mapya, wakauliza madereva kama kuna anayelitaka lile kuukuu. Babu anasema hakujibu kitu. Alipanda, akakaa, akagoma kushuka mpaka wakamwandikia karatasi.

Harufu yake ningeweza kuitambua nikiwa nimefumba macho: petroli kidogo, turubai lililonyeshewa, magunia ya viazi, na tumbaku ya babu. Nyuma kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, kwa hiyo ukipanda na mtu mliyegombana naye mnakaa magoti kwa magoti, mtake msitake. Vioo vya milango ni vya kusukuma kwa mkono. Juzi mdogo wangu Neema, ana miaka minane, alipanda mbele akaanza kuupapasa mlango anatafuta kitufe. Nikamwambia, sukuma. Akausukuma mlango. Watoto wa siku hizi, ukiwafungia kwenye gari lisilo na umeme watakaa humo mpaka wazeeke.

Sisi tulikuwa tunakaa humo kwa hiari yetu. Tulienda Dar, tukaenda Lusaka, tukaenda mbinguni mara mbili, na gari halijasogea hata hatua moja. Sekela alikuwa konda, mimi abiria. Jumapili lilitoka kweli, likabeba kwaya, na msimu wa mvua lilibeba maharusi kwenda huko Rungwe ambako tope linafika magotini. Bibi alikuwa na maneno yake akipanda: "Kwenye Landrova ya mzee husinzii. Unasali." Akishuka anajikung'uta, anasema, "Tumefika na meno yote, ndaga." Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa, na sijui kama alikuwa anamshukuru Mungu au gari.

Jioni babu alikaa kwenye bampa, sisi chini, akauliza, "Mnajua hii ilianzia wapi?" Tulijua, alishatuambia mara mia, lakini tuliitikia "Hatujui!" kwa nguvu ili aanze upya.

"Ilianzia mchangani. Mzungu mmoja alikuwa ufukweni kwao, akaokota kijiti, akachora gari kwenye mchanga, akamwuliza ndugu yake, unaonaje? Vita ilikuwa imekwisha, chuma kimeadimika. Basi mwili wakautengeneza kwa bati la ndege. Hata rangi hii ya kijani ilikuwa ni rangi ya ndege iliyobaki." Hapo anagonga ubavu wa gari, ngong'o, ngong'o. "Sikieni wenyewe. Ndege hii!"

Tuliamini kabisa kwamba Landrova ni ndege iliyochoka kuruka ikaamua kutembea. Na babu anaendelea: daktari alikuja nayo, bwana shamba alikuja nayo, padri na mchungaji walikuja nayo, kila mmoja anadai ni yake. "Na zile mpya zinazopita pale barabarani, za viti vya ngozi?" mmoja wetu anauliza. Babu anatikisa kichwa taratibu. "Zile ni wajukuu wa hii. Wamesoma sana. Wana kila kitu. Ila hawajawahi kulala njaa."

Lakini kitu cha heshima kuliko vyote kilikuwa hendeli. Ni chuma kimoja kizito kilichokunjwa mara mbili, unakiingiza kwenye tundu chini ya bampa, unazungusha kwa nguvu, injini inaamka hata kama betri imekufa. Babu alikitunza chini ya benchi, kimefungwa kwenye gunia. Aliyeruhusiwa kukigusa alikuwa mtu mmoja tu, fundi Kalinga.

Fundi Kalinga ni Mhehe wa Iringa. Alianza kama kijana wa gereji kule kule Mufindi, na babu alipostaafu akaja Uyole, Kalinga naye akaja, akafungua gereji yake nyuma ya nyumba yetu. Alimwita babu kaka mkubwa. Walitaniana kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kila alipomaliza kulihudumia gari alikuwa anaipima hendeli mkononi, anasema, "Ipo siku nitakuibia hii, kaka mkubwa." Babu anajibu, "Utakufa maskini wewe, huna gari la kuitumia." Wanacheka mpaka bibi anawaambia wanyamaze, watoto wanalala.

Sasa nafika pale ambapo sijawahi kufika, hata kwenye daftari hili.

Enzi zetu alikuwa anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na baiskeli, nyuma ana tenga kubwa na mbele amening'iniza mifuko ya bisi. Unampa chuma, anakupa bisi. Ndivyo ilivyokuwa, misumari ya kujaa mkono kwa mfuko mdogo, sufuria iliyotoboka kwa mfuko mkubwa. Watoto wa mtaa wetu hatukuacha hata bawaba iliyolegea. Siku hiyo, tukiwa darasa la pili, wote walikuwa na kitu. Sekela alikuwa na kichwa cha jembe. Mimi sikuwa na chochote, na Sekela akasema mbele ya wote, "Atu kazi yake kula vya wenzake." Atu ni mimi. Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma.

Nilienda uani, nikapanda Landrova, nikalivuta lile gunia kutoka chini ya benchi. Nilikuwa siwezi hata kuliinua, nililiburuta kwenye majani. Yule baba wa bisi aliinua ile hendeli, akaiangalia, akaniangalia, akaniuliza, "Umetumwa?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanipa mifuko minne. Minne! Nilikaa kwenye tuta nikagawa bisi kama naibu waziri. Sekela alinisogelea akaniita rafiki. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile mpaka ilipofika saa kumi na mbili jioni.

Saa kumi na mbili babu aliinama chini ya benchi. Wiki ile ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameligusa gari, na mtu huyo alikuwa ametangaza mwenyewe, miaka nenda rudi, kwamba ataiiba. Utani wote ule ukageuka ushahidi.

"Kalinga. Hendeli yangu iko wapi?"

"Kaka mkubwa, unatania."

"Leo sitanii."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, chumvi ya bisi bado iko midomoni. Nilisubiri mtu aniulize. Kama mtu angeniuliza ningesema, nadhani ningesema. Hakuna aliyeniuliza, nani atamwuliza mtoto wa miaka minane habari za chuma kizito kuliko yeye? Fundi Kalinga hakupiga kelele. Alifunga gereji siku ya tatu, akapakia vifaa vyake, akarudi Iringa. Hakuja kuaga.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayajua pale Jumamosi alfajiri.

Babu alikuwa ameinama tena chini ya benchi lile lile na tochi, kama vile miaka tisa ilikuwa inatosha kitu kurudi chenyewe. Siku yenyewe ilikuwa kubwa. Wenye Landrova za zamani wa Mbeya yote, kutoka Chunya mpaka Tukuyu, walikuwa wamepatana kwenye kundi lao la simu wakutane Uyole, waende Iringa kwa msafara, walale huko. Nao wana desturi yao: siku ya msafara, gari kongwe kuliko yote linawashwa kwanza, kwa hendeli, mbele ya wote, wengine wakiwa wamezima. Likiitika, ndipo wote wanawasha. Na gari kongwe kuliko yote lilikuwa la babu yangu!

"Tutaazima hendeli, baba," baba yangu alimwambia. "Usijisumbue."

"Kuazima nitaazima," babu akasema. Alinyooka, akazima tochi. "Lakini leo tunalala Iringa. Gereji yake iko pale Ipogolo, barabarani kabisa. Nitausimamisha msafara mzima. Nimwambie mbele ya watu wote: mwizi, nipe hendeli yangu. Miaka tisa nimekaa na jambo hili. Leo nalitua."

Nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Kutoka Uyole mpaka Ipogolo, kwa mwendo wa Mia na Tisa, ni siku nzima. Nilikuwa na siku nzima ya kufungua mdomo.

Na msafara wenyewe, jamani! Ningependa kusema nilikuwa na huzuni tu, lakini nitakuwa mwongo. Zilikuja zaidi ya ishirini. Fupi, ndefu, yenye turubai, isiyo na turubai, moja ya rangi ya maziwa iliyowahi kuwa gari la wagonjwa. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, na kila moja ilianza kusikika kabla ya kuonekana. Wazee wenye makoti marefu wakawa wanazunguka wanafungua maboneti ya wenzao bila kuomba, wanasema "ee, ee" kama madaktari. Bwana mmoja mwenye machimbo Chunya alikuja na ile mpya kabisa, mjukuu mwenyewe, viti vya ngozi, kioo kikubwa katikati kinachoonyesha ramani, kijifriji cha soda kati ya viti. Neema alipokiona kile kijifriji akasahau kwamba ana ukoo. Mke wa yule bwana akamwambia, "Njoo mama, kaa na mimi," na ndiyo ikawa, Neema akasafiri kitajiri.

Bwana shamba mmoja mstaafu wa Tukuyu akatoa hendeli yake. Babu akavua koti. Watu wakanyamaza, hata malori yalionekana kama yamepunguza mwendo. Akazungusha mara ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu, Mia na Tisa ikaitika kwa sauti ile ninayoijua toka tumboni mwa mama, na hapo hapo Landrova zaidi ya ishirini zikawaka kwa pamoja. Ardhi ilitetemeka. Nilijikuta napiga kelele, mimi, Atu, napiga kelele kweli kweli, na hakuna aliyenisikia hata mmoja.

Tukaondoka, babu kwenye usukani, baba mlangoni, mimi katikati, magoti yangu yamebana gia. Tulikuwa wa mbele! Kila kijiji watoto walikimbia kutupungia. Watu wakasimama na majembe yao shambani. Basi moja lilitupita, abiria wote wametoa simu dirishani.

Igawa tulisimama magari yapoe. Nilimfuata babu alipokuwa anakagua maji ya rejeta, nikasema, "Babu." Akasema, "Ee." Nikasema, "Una njaa?" Nikarudi kwenye gari, nikajichukia.

Makambako upepo ulikuwa unapiga mpaka vifuniko vya masufuria ya mama ntilie vinaruka. Baba akashika kiuno, akasema mgongo umekwisha, ngoja akamwangalie Neema. Uongo mtupu, alitaka viti vya ngozi. Akahamia kwa bwana wa Chunya, na mimi nikabaki na babu peke yetu, na babu akaanza kuongea. Hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi. Kadiri tulivyokaribia Mafinga, ambako barabara ya chai inachepuka kwenda Mufindi, ndivyo alivyozidi kukumbuka.

"Pale," alinyoosha kidole, akipaza sauti juu ya injini, "springi ilivunjika, mvua ya mawe. Kalinga alikuwa kijana mdogo kama wewe. Alilala chini ya gari kwenye maji ya baridi mpaka akaifunga kwa mpira na kamba. Alitetemeka siku mbili. Nilimpa sweta langu." Akabadilisha gia. "Mtu wa namna ile ndiye akaja kuniibia. Ndicho kinachonishinda. Angeniomba ningempa."

Mafinga alininunulia viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye mfuko. Nikaupakata mfuko magotini. Tukaondoka. Misonobari ikaanza kupungua, jua likaanza kulala upande wetu, na mimi nikawa nahesabu vibao. Nikajiambia kwenye daraja linalofuata. Daraja likapita. Nikajiambia kwenye kilima kile. Kilima kikapita.

"Babu," nikasema, "hendeli niliichukua mimi."

Hakugeuka. Sasa, aliyewahi kupanda Mia na Tisa anajua: mle ndani huwezi kuungama kwa sauti ya kanisani. Injini iko magotini, gia inalia, upepo unaingia kotekote. Nikasema tena kwa nguvu kidogo. Akatega sikio, "Nini?"

Nikashika dashibodi kwa mikono miwili. "BABU! HENDELI! NILIICHUKUA MIMI! NIKAMPA MTU WA VYUMA CHAKAVU! AKANIPA BISI!"

Sijawahi kupiga sauti kama ile maishani. Nilisikia inanirudia kutoka kwenye kioo.

Babu aliangalia barabara tu. Halafu akaondoa mguu kwenye mafuta. Gari likapungua, likapungua, likaingia pembeni ya lami likasimama, na nyuma yetu msafara mzima ukaanza kusimama, honi juu ya honi. Bwana shamba wa Tukuyu akaja mbio na spana mkononi.

"Vipi mzee, imekufa?"

"Haijafa," babu akasema. "Ni mimi nimekufa kidogo. Tupeni dakika mbili."

Yule akarudi nyuma. Babu akazima injini.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Ulikuwepo nilipomwita mwizi?"

"Nilikuwepo mlangoni."

"Gwe Atu," yaani wewe Atu, alisema hivyo tu. Kisha akauliza, "Zilikuwa bisi za chumvi au za sukari?"

"Za chumvi."

Akapangusa uso wote kwa kiganja, kuanzia paji mpaka kidevuni. Sikujua analia au anacheka, na sikuthubutu kuangalia. "Wewe ulikuwa mtoto," akasema mwishoni. "Mimi nilikuwa mtu mzima, na nilimjua yule mtu miaka thelathini. Tazama kama kuna maji kwenye kidumu. Nataka kunawa uso kabla hatujafika."

Ipogolo tulifika jua likiwa linagusa milima. Gereji ilikuwa ni pagale la matofali na mti wa mparachichi mbele, na mzee mmoja mwembamba mwenye ovaroli la bluu ametoka nje kushangaa, kwa sababu Landrova zaidi ya ishirini zinapoteremka kilima unazisikia kwenye meno. Alikuwa anapangusa mikono kwa tambara. Alipoona gari la mbele ni lipi, mikono ikasimama.

Babu akausimamisha msafara wote, kama alivyoapa. Akashuka. Wenzake wakashuka pia, wakadhani ni sehemu ya sherehe.

"Kamwene," fundi Kalinga akasalimia kwa Kihehe, sauti kavu.

"Kamwene," babu akaitikia. Kisha akageukia watu. "Ndugu zangu, mnisikilize. Huyu ni fundi Kalinga. Miaka tisa iliyopita nilimwita mwizi nyumbani kwangu. Asubuhi hii nimeondoka Uyole nikiwa nimepanga kumwita mwizi mbele yenu. Hakuiba. Hakuwahi kuiba. Mwizi wangu nilikuwa nimempakata." Akageukia fundi. "Kalinga, nilikosea. Nilikosea vibaya."

Nilisogea mpaka mbele ya fundi Kalinga, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo babu. Ni mimi. Nilibadilisha na bisi." Aliniangalia juu chini kama mtu anayejaribu kukumbuka ukubwa wangu wa zamani.

"Miaka tisa, kaka mkubwa," alisema kwa babu, bila kunijibu. "Mke wangu amefariki, hukuja kuzika. Simu yangu ni ile ile."

Babu hakujitetea. Alisimama tu, kofia mkononi, mzee wangu mwenye maneno mengi kuliko redio. Nilifikiri basi, imekwisha hapo, tumechelewa kuja. Halafu fundi Kalinga akainamisha kichwa upande, anasikiliza. Mia na Tisa ilikuwa bado inaunguruma.

"Plagi ya tatu inakosa," akasema.

"Haikosi," babu akasema.

"Inakosa. Umetoka nayo Uyole mpaka hapa inakosa, husikii. Masikio yamezeeka." Akaenda kufungua boneti kama vile ni ya kwake. "Sijasema tumemalizana. Nimesema gari lako linakosa. Liache hapa. Na huyu mla bisi naye umwache. Kesho asubuhi atasugua plagi zote nne mpaka nijione."

Msafara ukapanda mjini kulala. Sisi tulilala kwa fundi, mimi chumba cha binti yake aliyeolewa, babu sijui kama alilala. Neema alipiga simu kutoka hotelini kusema lile gari la Chunya linaongea, ukiliuliza hali ya hewa linajibu.

Nafikiria hilo sana. Enzi zetu gari halikuongea na mtu. Lilipiga kelele zake, na wewe ukitaka kusikika ilibidi upige za kwako. Tulikula vumbi, tulikaa magoti kwa magoti na watu tuliowakosea, na kila kitu kilichopotea kilikuwa na uzito, kiliacha alama kwenye majani pale kilipoburutwa. Neema na wenzake wanafuta kitu kwenye simu kwa kidole na hakuna anayejua kilikuwepo. Nawaonea wivu, na nawaonea huruma. Mnunuzi wa vyuma chakavu hapiti tena mtaani kwetu. Sekela yuko Dodoma, tunasalimiana kwa picha. Na matuta yale ya viazi yamejengwa kituo cha mafuta.

Jumapili asubuhi niliamka kabla ya kuitwa. Baridi ya Iringa ilikuwa inauma vidole. Fundi Kalinga akanipa ovaroli ambalo nililikunja mara nne miguuni, kopo la petroli na brashi ya waya, akanionyesha plagi ya kwanza, mara moja tu, akaondoka kwenda jikoni. Nikakaa juu ya tairi nikasugua. Nilipomaliza ya nne alikuja, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha mkononi mwangu bila kusema ni nzuri au ni mbaya. Babu alikuwa amesimama mbali, kule kwenye geti, amegeukia barabara, hajui aingie au akae.

Fundi alimtazama. Kisha akaniambia, "Nenda kamwite babu yako. Mwambie chai imeiva."

Nikainuka na mikono yangu myeusi, nikaenda kumwita.